Bei ya Yai ni Suala la Katiba



Tulipoalikwa kusema mbele yenu, wengi walitarajia tuzungumzie tume ya uchaguzi, mipaka ya maeneo ya ubunge au uhuru wa mahakama. Hayo ni mambo mazito, na hatutachoka kuyasema. Lakini leo tumechagua kuzungumza juu ya yai, na juu ya unga, mafuta ya kupikia na sukari ambavyo hukaa rafu moja nalo dukani. Asiwepo wa kutucheka. Sisi wanasheria tuna desturi ya kuanza na vifungu na kumaliza na vifungu, na mwananchi akabaki akijiuliza vifungu hivyo hupikwa kwa mafuta gani. Leo tutaanzia jikoni, kisha tupande hatua kwa hatua hadi kwenye Katiba, ili ionekane kwamba njia ni moja.

Yai ni chakula cha mwisho cha maskini chenye nguvu ya kujenga mwili. Nyama ilikwisha kuihama sahani ya wengi zamani. Imebaki ya sikukuu. Samaki wameifuata. Kilichobaki ni yai, lenye takriban gramu 6 za protini, ambalo fundi wa ujenzi hulinunua limechemshwa na kutiwa kachumbari pale kituo cha matatu, na ambalo mama hulikaanga na nyanya mbili na kitunguu ili litoshe watoto watatu. Bei ya kreti ya mayai 30 inapopanda, mama huyo haandiki barua gazetini. Hupunguza tu. Leo ataongeza nyanya, kesho ataliacha yai dukani, na mtoto ataenda shule kwa chai ya rangi. Njaa ya namna hii haina picha ya kutisha ya kutangazwa, lakini ni njaa.

Tena tuangalie jinsi maskini anavyonunua. Hanunui mtungi wa lita 10 wa mafuta. Hupimiwa ya shilingi 20. Hanunui mfuko wa sukari wa kilo 2. Hununua robo iliyofungwa kwenye karatasi. Ukijumlisha vipimo hivyo vidogo vya mwezi mzima, utaona kwamba kwa kila kilo na kila lita amelipa zaidi kuliko tajiri aliyekwenda na gari lake kwenye duka kubwa akanunua kwa jumla. Kwa hiyo wanaposimama wakubwa kutuambia kwamba bei zimepanda kwa wote, tunawajibu: la hasha! Zimepanda kwa wote lakini haziwalemei wote sawa. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Je, bei ya yai hutengenezwaje? Tufanye hesabu pamoja, kwa maana asiyejua hesabu ya kitu chake hupangiwa na wengine.

Kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 120 za chakula kwa siku. Mfuko wa kilo 70 wa chakula hicho, basi, hulisha kuku 100 kwa muda usiotimia siku 6. Iwapo kati ya kuku 100 wanataga 80 kila siku, na hilo ni kundi linalotunzwa vyema, mfuko mmoja utazaa mayai 466 hivi, yaani kreti 15 na nusu. Sasa mfuko ukiongezwa bei kwa shilingi 500 tu, kila yai limeongezeka gharama kwa zaidi kidogo ya shilingi moja, na kila kreti kwa shilingi 32, kabla mkulima hajalipa umeme, chanjo wala kibarua, na kabla yai halijapanda gari kwenda sokoni. Chakula cha kuku ndicho sehemu kubwa kabisa ya gharama ya yai, kuliko vitu vingine vyote vikijumlishwa. Mkulima wa Kiambu au Nakuru anayeongeza bei ya kreti mara nyingi si mlafi. Naye ameongezewa.

Na chakula cha kuku ni nini? Ni mahindi, pumba za ngano na za mahindi, soya, mashudu ya alizeti na pamba, na omena. Tazama basi: kuku na mtoto wanagombea gunia moja la mahindi. Mvua ikikosekana, kama ilivyokosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za nchi kati ya 2020 na 2022, wote wawili hupungukiwa. Vita vikizuka mbali, kama vile vya Ukraine mwaka wa 2022, bei ya ngano, mafuta ya kupikia na mbolea hupanda huku kwetu. Hatuwezi kuishtaki mvua, wala hatuna amri juu ya majeshi ya watu. Yapo mambo katika bei ya yai ambayo hayana mwenyewe.

Lakini yapo mengine yenye mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyotuleta hapa. Tuyataje.

Yai husafirishwa kwa dizeli. Dizeli ilikuwa haitozwi ushuru wa thamani ya ziada, ile VAT tunayoiona kwenye risiti. Mwezi wa Septemba 2018 ikaanza kutozwa, na baada ya kelele za wananchi kiwango kikawa asilimia 8. Sheria ya Fedha ya 2023 ikakipandisha hadi asilimia 16. Mwezi wa Julai 2024 ada ya kutengeneza barabara ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita. Hayo hayakuteremka kutoka mawinguni kama mvua. Yaliamuliwa na watu wenye majina na sahihi.

Yai lenyewe halitozwi VAT. Twashukuru, lakini tusome maandishi madogo. Sheria imelisamehe yai, haikuliweka katika kundi linalotozwa asilimia sifuri. Tofauti yake ni hii: muuzaji wa bidhaa ya asilimia sifuri anaweza kudai arudishiwe VAT aliyolipa alipokuwa akiitengeneza bidhaa yake, wa bidhaa iliyosamehewa hawezi. VAT aliyolipa mfugaji kwa vifaa na huduma humezwa na bei, na mnunuzi huilipa bila kuiona kwenye risiti. Neno moja la sheria, shilingi za watu wengi.

Kisha kuna mayai ya kutoka nje. Bunge liliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya mayai yanayoingizwa nchini. Mfugaji wetu, ambaye alikuwa akishindwa kushindana na mayai ya bei nafuu ya Uganda, alipumua. Mnunuzi wa mjini akalipa zaidi. Nani kati yao ana haki? Wote wawili wanayo. Hapo ndipo penye kiini cha hotuba yetu: mahali ambapo haki mbili za wananchi zinagongana, uamuzi haupaswi kufanywa chumbani na maafisa watatu na wafanyabiashara wawili, kisha sisi tukausikia kwa muuza duka.

Mwisho wa orodha hii ni ada ya mazao katika kaunti. Kreti zinazotoka shambani hadi mjini huweza kudaiwa ada katika vizuizi zaidi ya kimoja. Katiba, Kifungu cha 209, imezipa kaunti mamlaka ya kutoza ada. Lakini kifungu hicho hicho kimesema wazi kwamba mamlaka hayo yasitumiwe kwa namna ya kudhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti wala usafiri wa bidhaa. Ugatuzi tuliupigania ili huduma zimkaribie mwananchi. Hatukuupigania ili vizuizi vimkaribie.

Ndugu wananchi, wapo wanaosema kwamba siasa ni siasa na chakula ni chakula. Tunawaomba wakumbuke historia ya vyama vingi katika nchi hii, maana kizazi kipya hakikuiona.

Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichohalalisha chama kimoja kilifutwa. Uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992. Tulidhani tumepiga kura tu. Hatukujua kwamba tungeilipia pia. Katika miaka hiyo hiyo sakata ya Goldenberg ilikuwa ikifyonza hazina: serikali ililipa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo, ilhali nchi yetu haikuwa na almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Fedha nyingi mpya zikamwagwa nchini wakati wa kampeni. Mwaka uliofuata, 1993, mfumuko wa bei ulifika wastani wa karibu asilimia 46. Kilichokuwa kikinunuliwa kwa shilingi 100 kikawa kinahitaji shilingi 146, na mshahara ulikuwa ule ule. Zilikuwepo sababu nyingine pia, kama vile ukame na kuporomoka kwa shilingi baada ya udhibiti wa fedha za kigeni kulegezwa. Lakini hakuna mchumi mwaminifu atakayeiondoa hazina iliyoporwa katika hesabu hiyo. Gharama ya kampeni ya 1992 ililipwa na mnunuzi wa unga wa 1993.

Tazameni tena mwendo wa unga na kura. Mwezi wa Mei 2017, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, serikali ilianza kufidia unga ukauzwa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo 2. Mwezi wa Julai 2022, majuma machache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, unga uliokuwa umepita shilingi 200 ulitangazwa kuwa shilingi 100, na wengi wakazunguka madukani wasiupate. Kura zikapigwa, fidia ikaisha. Hatusemi kwamba ni kosa kumpunguzia mwenye njaa bei ya unga. Tunasema kwamba njaa haifuati kalenda ya uchaguzi. Mtoto hula mwezi wa Februari pia. Serikali inayokumbuka tumbo lako kila baada ya miaka mitano, ikaribiapo Jumanne ya pili ya Agosti, haikupi haki yako. Inakukopesha, na riba utailipa baadaye.

Sasa wapo wenzetu, tena wenye nia njema, wanaosema dawa ni moja: serikali ipange bei. Sheria ya kufanya hivyo ipo. Sheria ya Udhibiti wa Bei za Bidhaa za Lazima ya 2011 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kutangaza bidhaa fulani kuwa za lazima na kuziwekea bei ya juu kabisa. Lakini wazee walio hapa wanaikumbuka miaka ya chama kimoja, bei zilipokuwa zimepangwa kwa amri. Bei ilikuwa nzuri ukutani, na bidhaa ilikuwa chini ya kaunta. Sukari iliuzwa kwa kujuana. Mkimlazimisha mfugaji auze kreti kwa bei iliyo chini ya gharama ya chakula cha kuku, atawachinja kuku wake, na mwaka ujao yai litakuwa ghali maradufu. Kupanga bei ya mwisho bila kugusa gharama zilizoizaa ni kuvunja kipimajoto ili kuponya homa.

Dawa tunayoitaka sisi ni ngumu zaidi, na imekwisha kuandikwa katika Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010.

Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Hakisemi ana haki ya kuhurumiwa. Kifungu cha 20 kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: serikali ikidai kwamba haina uwezo wa kutekeleza haki kama hiyo, ni juu yake kuthibitisha kwamba uwezo huo haupo. Si juu yako kuthibitisha kwamba upo. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu cha 201 kinaamuru uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika mambo ya fedha, na kwamba mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Na ushuru wa matumizi, ambao humkamua mnunuzi wa robo ya sukari kwa kiwango kile kile kinachomtoza mwenye jumba la ghorofa, unatoa jasho mbele ya maneno hayo.

Sharti la kushirikisha wananchi si pambo. Mwaka wa 2023 watu waliandamana na sufuria vichwani kwa sababu ya gharama ya maisha. Mwaka wa 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Vijana walisoma mswada huo kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, wakaingia barabarani. Tarehe 25 Juni 2024 risasi zilifyatuliwa. Makumi ya Wakenya waliuawa katika maandamano ya siku hizo. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi mswada. Twainamisha vichwa kwa ajili ya waliokufa, na twauliza: mbona nchi yenye Katiba kama yetu imemlazimu kijana kulipa kwa damu ili asikilizwe juu ya bei ya mkate?

Mahakama nazo zina mipaka yake. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria yote ya Fedha ya 2023. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo, na sheria ikaendelea. Sisi tulio mahakamani kila siku twawaambia kwa unyofu: wakili hawezi kuwa badala ya mwananchi aliye macho.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano, tukaombe kila mgombea wa chama chochote ayajibu hadharani.

Kwanza, kila mswada wa ushuru uje na waraka wa kurasa chache, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ukionyesha utabadili vipi bei ya unga, mkate, maziwa, mayai, mafuta ya kupikia, sukari na mafuta taa. Mwenye kupendekeza ushuru afanye hesabu mbele yetu.

Pili, kila kaunti ibandike sokoni na kwenye kila kizuizi orodha ya ada zake na kifungu cha sheria kinachoziruhusu. Ada isiyo na kifungu isilipwe.

Tatu, kiasi cha mahindi kilichomo katika ghala za akiba ya taifa kitangazwe kila mwezi, kama vile bei ya petroli inavyotangazwa. Soko lenye giza ni shamba la walanguzi.

Nne, fidia yoyote ya chakula itolewe kwa sheria na kwa hesabu: nani alilipwa, kwa magunia mangapi, na yalifika wapi. Na ianze kwa sababu ya ukame, isianze kwa sababu ya kura.

Tano, biashara ya chakula cha mifugo ichunguzwe ili ijulikane kama bei zake ni za ushindani wa haki. Hatumshutumu mtu yeyote, twaomba uchunguzi. Mwaka wa 2023 Mamlaka ya Ushindani ilizitoza faini kampuni 9 za chuma kwa kupatana juu ya bei. Kama nondo zilipata mtetezi, yai nalo lipate.

Na ninyi wananchi, msingoje uchaguzi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiuliza ofisi ya umma, na ofisi hiyo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Andikeni barua. Ulizeni kaunti yenu ilikusanya kiasi gani cha ada ya mazao, na ilijenga nini sokoni kwa fedha hizo. Barua moja hutupwa; barua 200 hujibiwa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi. Wafugaji na wanunuzi wakae meza moja waandike ombi moja, kwa maana kwa muda mrefu tumegombanishwa, mwenye kreti na mwenye sufuria, huku walioziweka gharama kati yetu wakitazama. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Bwana Mwenyekiti, tuliponyang'anya chama kimoja haki ya kututawala bila mshindani, wengi walidhani kazi imekwisha. Ilikuwa nusu ya kazi. Tulipata uhuru wa kuchagua atakayekaa mezani. Nusu iliyobaki ni uhuru wa kujua kinachoamuliwa pale mezani, na kusema kabla hakijaamuliwa. Kama nusu hiyo haijapatikana, vyama vitakuwa vingi na sufuria zitakuwa tupu. Twendeni tukaandike barua hizo wiki hii, na yeyote atakayehitaji msaada wa maneno ya kisheria atatupata hapa mlangoni baada ya mkutano, bila malipo.